Torenti, linki, VPN na chaneli ya Telegram: ipi itakuletea kesi?

Swali lenyewe kwa ufupi ni hili. Msomaji wetu anashusha muvi na sizoni kwa torenti. Rafiki yake kamwambia kosa liko kwenye torenti tu, ukishusha moja kwa moja kwenye linki hamna shida, na rafiki mwingine kamwambia washa VPN basi umemaliza. Nyumbani wanakaa watatu na intaneti imesajiliwa kwa jina lake yeye. Halafu mwisho kabisa wa ujumbe, kama vile ni jambo dogo, kataja kwamba ana chaneli ya Telegram anayorusha vitabu na muvi, ina watu elfu kadhaa, "ila siuzi kitu, ni kusaidiana tu". Anataka kujua njia ipi ni salama kisheria na ipi ni ya hatari.

Mkuu, ningekuwa wewe hilo la mwisho ndo lingeninyima usingizi, torenti ingefuata baadaye. Ila ili unielewe kwa nini nasema hivyo inabidi nianze mbali kidogo, nivumilie.

Watu wengi wanauliza kama ulivyouliza wewe, programu ipi ni haramu na ipi ni halali, na hapo ndo wanapopotea. Sheria ya hakimiliki haina habari na programu yako, inaangalia umefanya nini na kazi ya mtu. Umetengeneza nakala? Umewapa wengine nakala? Umeiweka mahali ambapo yeyote akitaka anaichukua? Hilo la tatu liko kabisa kwenye mkataba wa 1996 kuhusu hakimiliki wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la kazi za ubunifu, na nchi nyingi zimeliingiza kwenye sheria zao, yaani kuweka tu kitu wazi ili umma ukifikie ni haki ya mwenye kazi peke yake, hata kama hakuna hata mmoja aliyekuja kukichukua. Sasa karibu kila mahali, anayesambaza anaangaliwa kwa jicho kali kuliko anayechukua. Ukiishika hiyo, mengine yote nitakayosema utakuwa unayatabiri mwenyewe kabla sijafika.

Kitu cha pili ni kutofautisha maswali mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku: je ni kosa, na je nitaonekana. Rafiki yako wa VPN anajibu la pili akidhani kajibu la kwanza.

Haya, torenti. Bram Cohen aliitoa BitTorrent mwaka 2001 na wazo lake lilikuwa zuri sana kiufundi, badala ya watu wote kuielemea seva moja, faili linakatwa vipande vidogo vidogo, kila mtu anachukua vipande kwa wenzake na wakati huohuo anawagawia vile alivyokwisha kupata. Ndo maana inakwenda kasi faili likiwa na watu wengi. Lakini hebu iangalie kwa macho ya mwanasheria: tangu dakika ya kwanza unaposhusha, kompyuta yako inasambaza. Hujabonyeza kitufe cha kusambaza, hujaamua, labda hujui hata kama inafanyika, na sheria haikuulizi hivyo. Wewe unajiona mteja, faili la kesi linakuona msambazaji. Hapa ndo rafiki yako wa kwanza yuko sahihi nusu, torenti kweli ina hatari zaidi ya linki, na sababu ni hiyo ya kugawa, jina la teknolojia halina uzito wowote.

Na kuonekana ndo usiseme. Ili vipande vipite, kila aliyemo kwenye lile kundi lazima azione anwani za IP za wenzake, yaani namba inayotambulisha laini ya intaneti ya kila mmoja, bila hivyo mfumo haufanyi kazi. Kwa hiyo kampuni iliyoajiriwa na wenye muvi haihitaji kuvunja chochote wala kukudukua, inaingia kwenye kundi kama mtu mwingine yeyote, inaomba kipande kutoka kwako, inakipokea, inaandika anwani ya IP, saa na dakika, na ile alama ya kipekee inayotambulisha faili. Kisha wanaenda mahakamani kuomba kampuni ya intaneti ilazimishwe kusema siku ile saa ile anwani ile alikuwa nayo mteja gani. Baada ya hapo ni barua. Ujerumani hii imekuwa shughuli kubwa ya mawakili kwa miaka mingi, barua inakuja na madai ya mamia ya euro na karatasi ya kusaini kwamba hutarudia. Ufaransa ilichukua njia nyingine, mwaka 2009 ikaunda Hadopi, chombo cha kutuma maonyo kwa hatua, onyo la kwanza, la pili, mpaka faili linapelekwa kwa mwendesha mashtaka, na tangu 2022 kazi hiyo iko chini ya Arcom. Kanada mtoa intaneti anakufikishia taarifa ya mlalamikaji, na fidia ya kisheria, yaani kiwango kilichopangwa na sheria yenyewe bila kuthibitisha hasara halisi, kwa mtu asiyefanya biashara imewekewa kikomo cha dola 5,000 za huko kwa makosa yote kwenye kesi. Marekani ni hadithi nyingine kabisa, fidia ya kisheria ni kuanzia dola 750 mpaka 30,000 kwa kila kazi moja, na ikithibitika ulifanya makusudi inafika 150,000.

Usidhani hizo namba ni za kutishia watoto. Jammie Thomas-Rasset, mama wa kawaida kabisa wa Minnesota, alishtakiwa kwa nyimbo 24 kwenye Kazaa, programu ya kugawana mafaili, kesi ikasikilizwa mbele ya jopo la raia wanaoamua kesi zaidi ya mara moja, wakati fulani ikafika dola milioni 1.92, na mwisho mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikasimamia dola 222,000. Gawanya mwenyewe, ni dola 9,250 kwa wimbo mmoja. Joel Tenenbaum, alikuwa mwanafunzi, nyimbo 30, dola 675,000. Na yule Tenenbaum alikiri kizimbani kwamba kwenye majibu yake ya awali alidanganya, hilo lishike maana nitalirudia nikifika kwenye barua. Kampuni za muziki za Marekani zilitangaza mwaka 2008 kwamba zinaacha kuwashtaki watu mmojammoja kwa mkupuo, lakini wenye filamu wamekuja nyuma yao na kesi za torenti zinaendelea mpaka leo.

Kabla sijatoka kwenye torenti kuna mtego nataka kila anayesoma aujue. Mwaka 2014 ilitokea apu inaitwa Popcorn Time, unafungua, unaona picha za muvi, unabonyeza, inacheza. Kila mtu akaona hiyo ni kustrimu. Ndani yake ilikuwa torenti tupu, unapotazama unasambaza, na watu waliokuwa waangalifu miaka yote wasiguse torenti wakajikuta na barua mkononi wasielewe zimetoka wapi. Zipo nyingine za namna hiyo hadi sasa. Kwa hiyo apu yoyote inayokupa muvi mpya bure, muonekano wake haukwambii chochote, cha kujua ni kama inapandisha data wakati unatazama.

Na zile torenti za kuingia kwa mwaliko tu, watu wanazisifia ni salama kwa kuwa hamna wageni. Kuna ukweli kidogo, wanaochunguza wanapenda makundi ya wazi. Lakini fikiria masharti yake, lazima ugawe kiasi fulani ukilinganisha na unachochukua ama unafukuzwa, maana yake unalazimishwa kusambaza zaidi, na kila gigabaiti uliyogawa imeandikwa kwenye akaunti yako kwenye seva ya mtu usiyemjua. Mbili za muziki zilizokuwa maarufu, OiNK ilivamiwa 2007, What.CD ikafungwa 2016. Seva ikikamatwa, rekodi zako zimo humo.

Sasa linki ya moja kwa moja, hoja ya rafiki yako wa kwanza. Kwenye linki unachukua tu, hugawi, na aliyepo upande wa pili ni seva moja, hakuna kundi la watu wanaoiona anwani yako. Kwa hiyo uwezekano wa kupata barua unashuka sana, hilo sitakuficha. Lakini "hamna shida" sio kweli, inategemea uko nchi gani. Uswisi kushusha muziki na filamu kwa matumizi yako binafsi kunaruhusiwa, kupandisha ndo marufuku. Uholanzi nako watu waliishi hivyo kwa miaka, wakiamini kushusha kwa matumizi ya nyumbani ni sawa hata kama chanzo ni haramu, mpaka Aprili 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema ruhusa ya nakala ya matumizi binafsi haifunikii kitu kilichotoka kwenye chanzo haramu, na Uholanzi ikabidi ibadilike siku ileile. Japani imeenda mbali zaidi, kushusha muziki na video ukijua ni haramu kulifanywa kosa la madai 2010, kisha Oktoba 2012 likawa kosa la jinai, hadi miaka miwili jela au faini ya yeni milioni mbili, na 2021 wakaongeza vitabu vya katuni na softiwea. Kwa hiyo mtu wa Uswisi na mtu wa Japani wakibonyeza linki ileile wamefanya vitu viwili tofauti kabisa mbele ya sheria, na ushauri wa rafiki yako ungekuwa sahihi kwa mmoja na wa kumponza mwingine. Jua sheria ya pale ulipo, sio ya yule aliyeandika ushauri.

Kustrimu nitapita haraka. Anayetazama tu ndo yuko chini kabisa kwenye ngazi ya hatari, hakuna anayehangaika naye sana. Ulaya lakini mlango umefungwa kisheria tangu 2017, ile mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya vijisanduku vya kutazamia TV vilivyouzwa vikiwa na linki haramu, ikasema hata ile nakala ya muda inayojitengeneza kwenye kifaa unapotazama haina kinga kama unajua chanzo ni haramu. Marekani sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2020 ilifanya kuendesha huduma ya kustrimu haramu kuwa kosa kubwa, walengwa ni waendeshaji, mtazamaji hakuguswa.

Kuna maneno mengine mtaani nataka niyamalize hapahapa. La saa 24, kwamba ukifuta faili ndani ya siku moja sio kosa: sheria hiyo haipo popote, mtu aliitunga ikasambaa. La "nilinunua DVD orijino kwa hiyo naruhusiwa kushusha": kuna nchi zinakuruhusu unakili diski yako mwenyewe, sawa, lakini hakuna inayokupa ruhusa ya kuwagawia watu elfu moja kwenye torenti kwa sababu una diski kabatini. Na la "siuzi" tulisubirishe kidogo.

VPN. Inachofanya ni kimoja, watu wa upande wa pili wanaona anwani ya kampuni ya VPN badala ya yako. Tendo linabaki lilelile, kama ni kosa bila VPN ni kosa na VPN. VPN yenyewe nchi nyingi ni halali kabisa na mimi naishauri kwa faragha, kwa mfano ukiwa kwenye waifai ya hoteli, sina neno nayo. Ila kuitegemea iwe kinga ya kisheria ni kuhamisha imani yako tu, zamani siri yako ilikuwa kwa mtoa intaneti, sasa iko kwa kampuni ya VPN ambayo nayo ina nchi yake, mahakama zake na rekodi zake. Mwaka 2011 kampuni moja ya VPN ya Uingereza ilipopewa amri ya mahakama ilitoa rekodi zilizosaidia kumkamata mdukuzi aliyekuwa mteja wake, na watu wakashangaa, wakati masharti ya huduma yalikuwa yameandika wazi. Zile za bure ndo mbaya zaidi, baadhi zinapitisha data za wageni kwenye intaneti ya nyumbani kwako, yaani matendo ya mtu usiyemjua yanaandikwa kwa anwani yako. Umekwenda kujificha umerudi na dhambi za wengine.

Tuje kwenye nyumba yenu. Anwani ya IP inaonyesha laini, haionyeshi mtu. Barua itakuja kwa jina lako kwa kuwa bili iko kwa jina lako, hata kama aliyeshusha ni mwenzako chumba cha pili. Je utalipa? Inategemea tena. Marekani mahakama moja ya rufaa ya shirikisho ilisema mwaka 2018 kwamba kuwa na laini kwa jina lako peke yake hakutoshi kukushtaki, lazima mlalamikaji awe na kitu zaidi. Ujerumani mzigo umekaa vingine, mwenye laini anadhaniwa ndo mhusika mpaka aeleze ni nani mwingine alikuwa na uwezo wa kutumia, na 2017 mahakama yao ya juu iliwaambia wazazi waliokuwa wanajua ni mtoto gani alifanya lakini wakakataa kumtaja kwamba basi watalipa wenyewe. Mwaka uliofuata mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaongeza kuwa haitoshi kusema tu "nyumbani tuko wengi" ukaishia hapo. Kwa hiyo mkuu, kaeni chini nyie watatu, mkubaliane kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha, kwamba hakuna torenti za muvi kwenye laini hii. Badilisha nywila ya waifai kama majirani wanayo. Ukiweza kila mtu awe na laini yake ndo bora zaidi. Wenzako wakiona unazidisha, waambie jina kwenye mkataba ni lako na barua haitawatafuta wao.

Hifadhi za mtandaoni, Google Drive, Dropbox na nyinginezo. Kuweka mafaili yako humo wewe mwenyewe usome ni jambo moja, kubonyeza "yeyote mwenye linki anaweza kuona" halafu linki ukaitupa kwenye grupu ni jambo lingine kabisa, hapo umesambaza, na safari hii kwa akaunti yenye jina lako, namba yako na pengine kadi yako ya benki. Hakuna haja ya mtu kutafuta anwani ya IP. Kampuni hizi pia zina njia ya kulitambua faili lililokwisha lalamikiwa bila kufungua yaliyomo, 2014 watu walijua hilo kwa mshangao Dropbox ilipozuia mtu kugawa faili. Adhabu unayoweza kuipata haraka sio mahakama, ni akaunti kufungwa, na ndani ya akaunti ileile kuna barua pepe zako, picha za familia na kazi za chuo. Na hata asiyekosea anaweza kuumia: Megaupload, tovuti ya kuhifadhi na kugawa mafaili, ilipofungwa Januari 2012 mpiga video mmoja wa Ohio aliyekuwa anarekodi mechi za shule alipoteza ufikiaji wa kazi zake mwenyewe halali, akaingia mahakamani kuzidai. Usiweke kitu chako cha pekee kwenye huduma inayoishi kwa muvi za wizi.

Sasa Telegram, na hapa naomba unisome taratibu. Kwenye torenti unagawa vipande kwa bahati, kwa saa chache, ukiwa mmoja kati ya maelfu. Kwenye chaneli yako wewe unachagua kazi, unaipandisha nzima, unaitangaza, inakaa miezi, na watu elfu kadhaa wanaichukua kutoka kwako peke yako. Kila kitu ambacho mwenye haki anahitaji kukithibitisha umemwandikia wewe mwenyewe, tarehe, jina la kitabu, idadi ya waliotazama. Na jina la bandia halikufichi unavyodhani. India, mwalimu anayeandaa wanafunzi kwa mitihani alikuta vitabu na video zake za masomo zinagawiwa kwenye chaneli za Telegram, zikifungwa zinafunguliwa nyingine. Alikwenda Mahakama Kuu ya Delhi, Agosti 2022 mahakama ikaiamuru Telegram itoe taarifa za wenye chaneli, kampuni ikabisha kwamba seva zake ziko nje ya India, mahakama ikakataa hoja hiyo, na mwisho Telegram ikakabidhi majina, namba za simu na anwani za IP. Waliokuwa nyuma ya chaneli zile hawakuwa na seva wala genge, walikuwa na simu.

Ona pia mlalamikaji ni nani. Sio kampuni kubwa ya filamu, ni mwalimu anayeishi kwa vitabu vyake. Mwandishi wa kitabu cha lugha yetu anayeuza nakala mia chache, chaneli moja yenye watu elfu kadhaa inaweza kulimaliza soko lake lote kwa jioni moja, na huyo anakujua, anaishi nchi moja na wewe, sheria yenu ni moja, na hasira yake ni ya mtu aliyeibiwa jasho. Wengi wanaogopa kampuni za mbali wakamsahau mtu wa karibu ambaye ndo mwenye sababu kubwa na njia fupi ya kukufikia.

Turudi kwa "siuzi". Zamani kidogo hoja hii ilikuwa na nguvu kweli. 1994 mwanafunzi wa MIT, David LaMacchia, alishtakiwa kwa kuendesha mahali pa kubadilishana softiwea bure, na kesi ikafutwa kwa sababu hakupata faida yoyote na sheria ya jinai ya wakati ule ilitaka faida. Bunge la Marekani likaona tundu, 1997 likapitisha sheria ya kuliziba, kwamba hata bila senti moja, ukinakili au kusambaza kazi zenye thamani ya rejareja zaidi ya dola 1,000 ndani ya siku 180 ni jinai. Na kwenye madai ya fidia faida haikuwa sharti tangu mwanzo, yule mama wa nyimbo 24 hakuuza hata moja. Kutokuuza kunapunguza ukali, hakimu anaweza kukuhurumia, nchi nyingi adhabu ya jinai inalenga wafanyabiashara, lakini hakukutoi kwenye kosa. Halafu jichunguze vizuri, ukiweka tangazo la mtu kwenye chaneli, ukipokea hela ya "kusapoti", ukiuza nafasi ya chaneli ya ndani yenye sizoni mpya, tayari umehamia upande wa biashara.

Kama unachogawa kimeruhusiwa na mwenyewe au kimeisha muda wa hakimiliki, hizi njia zote ziko wazi kwako. Ubuntu na Debian wanatoa mifumo yao ya kuendeshea kompyuta kwa torenti wao wenyewe na wanafurahi ukibaki unagawa. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, nayo ina torenti. Project Gutenberg ipo tangu 1971 na vitabu vilivyoisha muda wa hakimiliki, LibriVox ina vitabu vya kusikiliza. Angalizo moja, mwandishi kufa zamani hakutoshi, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki wa Berne umeweka angalau miaka 50 baada ya kifo na nchi nyingi ni 70, tena tafsiri ina haki yake peke yake na rekodi ya sauti ina haki yake. Kitabu cha karne ya 19 kilichotafsiriwa mwaka juzi, tafsiri hiyo ina mwenyewe. Kazi zenye leseni za Creative Commons, yaani mwenye kazi karuhusu itumike bure kwa masharti, soma herufi zake, zenye NC usiziingize kwenye biashara, zenye ND usizikatekate, na kumtaja mwandishi ni lazima karibu zote.

Kwa hiyo ningekuwa kwenye nafasi yako ningefanya hivi wiki hii. Torenti za muvi ningeziacha, na ningefungua programu nione kama kuna mafaili ya zamani bado yanagawiwa kimyakimya, maana yapo yanayoendelea miezi baada ya mtu kusahau, nayasimamisha. Chaneli ningeacha kuongeza kitu leo hii, ningeondoa kila kazi yenye mwenyewe, nibakize zile huru na linki za mahali rasmi, na mtu akija kulalamika kuhusu kazi yake ningeiondoa saa ileile na kumjibu kwa heshima, wengi hasa waandishi wanataka hilo tu. Hili nalisema kwa kuwa hakuna aliyekudai bado.

Barua ikishafika mambo yanabadilika na hapo usifute chochote. Kufuta baada ya kujua kuna madai kunaweza kuhesabiwa kuharibu ushahidi, na hilo linaweza kukugharimu kuliko muvi zenyewe. Usidanganye pia, kumbuka Tenenbaum. Kwanza hakikisha barua ni ya kweli, kwa sababu matapeli wanaiga. Desemba 2013 Ujerumani maelfu ya watu walitumiwa madai eti wamestrimu video fulani, ikaja kuonekana madai hayana msingi na mahakama ilikuwa imepotoshwa ilipotoa majina, wengine walishalipa. Usibonyeze linki ndani ya barua pepe wala usipige namba iliyomo humo, itafute ofisi hiyo mwenyewe kwa njia nyingine. Usisaini ile karatasi ya ahadi kama ilivyoletwa, mara nyingi imeandikwa kwa faida yao, ina kukiri kosa ndani yake na inaweza kukufunga kwa miaka mingi, wakili anaweza kuipunguza makali. Tarehe ya mwisho iandike ukutani. Na uitofautishe barua ya wakili na hati ya mahakama, ya kwanza unaweza kubishana nayo kwa majuma, ya pili ukikaa kimya hukumu inatoka bila wewe, kwa kiasi alichoomba mlalamikaji. Hiyo ikija, siku hiyohiyo iwe mezani kwa wakili wa hukohuko unakoishi, pamoja na mkataba wa intaneti na yale makubaliano yenu watatu.